Namna ya kupata kikundi cha kusaidiana afya ya akili ukiwa Tanga

Vikundi vya kusaidiana vipo, ila havina mabango. Wanaovijua ni wachache: muuguzi wa kliniki, afisa ustawi wa jamii, mhudumu wa afya wa mtaani, na wanachama wenyewe. Mimi ni mshauri nasaha na kuongoza vikao vya namna hii ndiyo kazi yangu. Watu wengi wanatufikia wakiwa wamehangaika muda mrefu kwa kutojua pa kuuliza. Wengine walipata kikundi mapema, wakakihama kwa sababu maneno waliyoyasema kikaoni yaliwatangulia nyumbani.

Kwa hiyo mwongozo huu una kazi mbili: ukipate kikundi, na ukipime kama kinatunza siri. La pili ndilo zito zaidi hapa kwetu, maana mtu wa Makorora ana shangazi Mikanjuni na wifi yake kaolewa Chumbageni.

Kabla ya yote

Kama mgonjwa anasikia sauti wasizozisikia wengine, hajalala siku kadhaa, amekataa kula, au anasema wazi kwamba amechoka kuishi, mpeleke hospitali leo hii na usimwache peke yake. Kikundi kitamsubiri. Kikao kinamfaa mtu anayeweza kukaa saa moja na nusu akasikiliza na kusikilizwa, hivyo hali ikiwa kali itulizwe kwanza. Ukihitaji maelekezo, namba 199 ya Wizara ya Afya hupigwa bure. Kwa mtoto ni 116.

Hatua ya 1: Jua unatafuta kipi

Kikundi cha kusaidiana ni cha watu wenye shida ileile, na mara nyingi anayekiongoza ni mmoja wao. Mlango uko wazi: unaingia leo, wiki ijayo ukikosa hakuna anayekuandika mtoro. Vikundi vya walioacha pombe na unga (heroini) vinavyofuata hatua 12 viko hivyo. Mtindo huo ulianzia Marekani mwaka 1935, walevi wawili walipoanza kusaidiana kukaa bila pombe.

Tiba ya kikundi ni matibabu. Inaongozwa na mtaalamu, au mtu aliyefundishwa na anayesimamiwa na mtaalamu. Watu ni wachache, na vikao vina idadi na mwisho. Mwaka 2002, katika vijiji vya Rakai na Masaka nchini Uganda, watu wenye sonona, yaani ugonjwa wa huzuni nzito, walikutana mara moja kwa wiki, dakika 90, kwa muda wa wiki 16. Wanawake walikaa peke yao na wanaume peke yao, wakiongozwa na wenyeji waliopewa mafunzo. Walipata nafuu kubwa kuliko wenzao wa vijiji ambavyo havikuwa na vikundi. Mwaka 2016 Shirika la Afya Duniani likatoa mwongozo wa njia hiyohiyo kwa vikao 8. Mazungumzo yake huzunguka mambo manne: kufiwa, ugomvi na mtu wa karibu, mabadiliko makubwa ya maisha, na upweke. Ukiyatazama manne hayo utaona hakuna lililo geni kwa mtu wa Ngamiani.

Maoni yangu: sonona iliyoanza karibuni, au iliyofuata msiba au talaka, ipelekwe kwenye tiba ya kikundi kama ipo. Aliyeishi na ugonjwa miaka mingi atafaidika zaidi na kikundi cha kusaidiana, na anayemuuguza vilevile. Huyu muuguzaji wa nyumbani husahaulika mno. Mama anayemlinda kijana wake usiku kucha anahitaji mahali pa kusema kwamba naye amechoka, bila kuambiwa avumilie.

Hatua ya 2: Anzia kliniki

Kwa mjini, mahali pa kwanza ni kliniki ya afya ya akili ya Hospitali ya Rufaa ya Mkoa, Bombo. Ukiwa Muheza, anzia Hospitali Teule. Ukiwa Korogwe, nenda Magunga. Korogwe hiyohiyo, juu milimani, ipo Hospitali ya Lutindi ya Kanisa la Kilutheri, iliyoanza kupokea wagonjwa wa akili mwaka 1904 na inayohesabiwa kuwa ya kwanza ya aina yake Afrika Mashariki. Kama mgonjwa wenu aliwahi kulazwa huko, waulize hao kwanza, maana wanaijua historia yake.

Wengi wanakwama dirishani. Foleni ndefu nyuma yako, jirani wa mtaa wa pili amekaa benchi la mbele, na karani anauliza kwa sauti, "Unaumwa nini?" Huna haja ya kujieleza pale. Sema hivi: "Habari za kazi, dada. Naomba kuelekezwa kliniki ya afya ya akili, au ofisi ya ustawi wa jamii." Inatosha. Hata ndugu wa mgonjwa, mwanafunzi au mwenye shida ya matibabu huuliza hivyohivyo.

Ukifika kliniki utakuta benchi limechanganyika. Wenye kifafa hutibiwa hapohapo, na wazazi waliobeba watoto wapo wengi. Usiogope, hakuna anayeweza kujua kwa kukutazama umefuata nini. Ukiingia kwa muuguzi, muulize mambo mawili. La kwanza: "Kuna kikundi chochote cha wagonjwa au ndugu wanaokutana, hapa au mtaani?" La pili: "Mratibu wa afya ya akili wa mkoa au wa halmashauri nampataje?" Mratibu ndiye anayepita vituo vyote, kwa hiyo anajua kipi kilianza, kipi kilikufa, na nani anaandaa kingine. Muuguzi akijibu kwamba hakuna, mwachie namba yako na umwambie ungependa kupigiwa kikianzishwa. Namba tatu au nne za namna hiyo zikikusanyika kwenye daftari lake, kikundi kimeshapata watu wa kuanzia.

Gharama zikikushinda, ofisi ya ustawi wa jamii ya hospitali ndiyo inayoshughulikia maombi ya msamaha. Uliza siku hiyohiyo.

Hatua ya 3: Uliza na nje ya hospitali

Ofisi ya kata ina afisa maendeleo ya jamii mwenye orodha ya vikundi vilivyosajiliwa. Vingi ni vya mikopo na ushonaji, lakini ndani ya orodha huwamo vya watu wenye ulemavu, vya wazazi wa watoto wenye mahitaji maalumu, na vya wajane. Mjane anayetafuta wenzake wa kulia naye anaweza kuwapata hapo kuliko kokote.

Kama tatizo ni unga, uliza kliniki ya methadoni, dawa wanayopewa wanaoacha unga, iliyopo Bombo. Watu wanaokunywa dawa kila siku mbele ya muuguzi wanafahamiana. Wanajua nyumba ipi ya upataji nafuu, yaani soba hausi, inafanya vikao kila jioni na ipi inakaa tu na watu ndani. Familia nazo zihudhurie vikao vyao. Mama aliyeibiwa televisheni na mwanawe siku ya arosto, yaani mateso ya kukosa unga, ana majeraha yake.

Mama aliyejifungua karibuni, anayelia bila sababu na haoni raha na mtoto, amwambie muuguzi wa kliniki ya mama na mtoto. Huyo ndiye wa kumwendea kwanza kabla ya mwingine yeyote.

Viongozi wa vikundi vya WAVIU, yaani watu wanaoishi na virusi vya UKIMWI, nao waulizwe, hata kama huna virusi. Wamekuwa wakikaa vikao vya kusaidiana kwa miaka mingi, na wanaujua utunzaji wa siri kwa vitendo. Imamu, mchungaji au padri anaweza kujua pia. Mwombe akuelekeze tu, usimweleze yote kama hujamzoea.

Hatua ya 4: Zungumza na kiongozi kabla hujakaa kikaoni

Hapa usiharakishe. Mpigie au muonane dakika kumi na tano, na umuulize bila haya. Kiongozi mzuri hatachukia.

Muulize kikao ni saa ngapi na wapi. Kwa wanawake wengi wa hapa, kikao kianze baada ya alasiri na kiishe kabla ya magharibi, vinginevyo nyumbani patakuwa na maswali. Muulize kama wanawake na wanaume wanakaa pamoja. Mwanamke anayepigwa na mumewe hataweza kusema kitu mbele ya rafiki wa mumewe, na sioni aibu yoyote kudai kikundi cha wanawake peke yao. Muulize mchango. Fedha ya chai na ya kukodi viti ni ya kawaida. Kikianza kudai viingilio vikubwa, uliza zinakwenda wapi.

Kisha siri. Siri hutoka zaidi kwa huruma kuliko kwa ubaya. Mtu anarudi nyumbani anamwambia mumewe, "Masikini yule mama wa Barabara ya 12, kumbe alitaka kunywa sumu." Amesema kwa kumwonea uchungu. Mume anamsimulia mwenzake kwenye kahawa, naye kwa uchungu uleule. Kesho yake mama yule anapita sokoni Mgandini, anaona watu wanamtazama. Hakuna aliyemchukia, na siri yake imeshatoka.

Kwa hiyo usimuulize kiongozi, "Mnatunza siri?" Kila mmoja atasema ndiyo. Muulize, "Siri ikitoka, mnafanyaje?" Anayejibu kwamba kwao haijawahi kutokea na haiwezi kutokea, mwangalie kwa makini. Anayesema, "Ilitokea, tukaitana, tukalizungumza mbele ya aliyeumizwa, na mhusika akasimama kuhudhuria kwa muda," huyo anajua kazi. Muulize pia ni wakati gani yeye mwenyewe ataivunja siri. Jibu sahihi lipo: mtu akiwa hatarini kujiua au kumdhuru mwingine, au mtoto akiumizwa, atatafuta msaada, na atamwambia mhusika kwamba anafanya hivyo. Anayeahidi kunyamaza kwa lolote lile hajawahi kukutana na usiku mgumu.

Muulize wamekubaliana nini wakikutana nje. Utaratibu mzuri ni salamu ya kawaida basi, hakuna "mbona wiki jana hukuja?" mbele za watu. Na kama kuna kundi la WhatsApp, jina lake liwe la kawaida. Simu nyingi za nyumbani hushikwa na watu wengi, na jina la kundi likiandikwa "Wagonjwa wa Akili Tanga", shemeji yako atalisoma kabla yako.

Ukigundua kwamba kikundi cha karibu kina ndugu wa mkweo, chagua cha mbali. Nauli ya kwenda Pongwe ni ndogo ukilinganisha na mwaka mzima wa kujibana maneno.

Hatua ya 5: Siku ya kwanza

Fika mapema kidogo uchague kiti, kilicho karibu na mlango kama kitakutuliza. Ukiulizwa jina, taja unalotaka kuitwa. Unaruhusiwa kusema, "Leo nasikiliza tu," na kikundi kinachokulazimisha kusimulia siku ya kwanza kinakosea.

Tazama kiongozi anavyomshughulikia mtoa mawaidha. Kila kikundi kinaye. Mtu akianza kulia, yeye anadakia: "We mwache huyo mwanamume, mbona wengine tumeachana tuko salama." Kiongozi anayejua atamzuia kwa upole, amrudishie nafasi aliyekuwa analia. Ukiliona hilo likifanyika vizuri mara moja, umepata mahali pa maana.

Baada ya kikao unaweza kujisikia mzito kuliko ulivyokuja. Ni kawaida, maana umegusa mambo uliyokuwa umeyafungia. Usiamue lolote jioni hiyo, iwe kuhama nyumba, kutoa talaka au kuacha kikundi.

Hatua ya 6: Kipe vikao vitatu au vinne, kisha amua

Ondoka mara moja, bila kusubiri, ukiona lolote kati ya haya. Wanakuambia uache dawa au sindano ya kila mwezi kwa sababu umeshapona. Wanakurekodi. Kiongozi anakopa fedha kwa wanachama. Virutubisho vinaanza kuuzwa kabla ya chai. Kisomo na maombi havina ugomvi na dawa, na wagonjwa wengi wanavitumia pamoja, lakini anayekutaka uchague kimoja anacheza na maisha yako.

Kama hakuna ubaya wowote ila tu hujisikii nyumbani, mwambie kiongozi, uage na utafute kingine. Hujamkosea mtu.

Hatua ya 7: Kama hakipo kabisa

Mwombe muuguzi awaunganishe watu wanne au watano walioacha namba zao. Mkutane kwenye chumba cha kliniki baada ya saa za wagonjwa au ukumbi wa kata. Nyumbani kwa mtu pasiwe mahali pa kuanzia, kwani mwenye nyumba atashindwa kuongea na majirani watahesabu viatu mlangoni. Mwezi wa Ramadhani pangeni upya muda badala ya kusimamisha.

Msikimbilie kusajili kwa ajili ya ile mikopo ya asilimia 10 ya halmashauri. Ni fedha nzuri, lakini kikundi kikishakuwa na deni, kikao kinageuka cha marejesho, na aliyekuja kusema hajalala wiki nzima anakuta wanahesabu. Mkitaka mradi, undeni kikundi kingine, siku nyingine, chenye daftari lake.

Siku na saa ya kikao muipeleke kwa muuguzi wa kliniki, na mkubaliane naye mapema: mwanachama akizidiwa katikati ya kikao, nani anampigia, na nani anapanda naye bajaji kumpeleka Bombo.