Somo: Mgonjwa mpya wa VVU aliyekuja kinga imeshaporomoka

Somo hili ni la wenzetu wanaopokea wagonjwa kliniki na wodini. Mgonjwa ana VVU, hajawahi kumeza ARV hata siku moja, na amekuja amechelewa. Wengi tunakimbilia kumwandikia ARV. Anazihitaji, tena upesi, lakini wiki za mwanzo kinachomuua mara nyingi ni ugonjwa nyemelezi alioingia nao mlangoni na hakuna aliyeutafuta.

Hatua ya 1: Pima CD4, yaani idadi ya seli za kinga kwenye damu. Kwa mwongozo wa Shirika la Afya Duniani (WHO), mtu wa miaka 5 na zaidi amefikia hatua ya juu ya ugonjwa ikiwa CD4 ni chini ya 200, au ana ugonjwa wa daraja la 3 au la 4 (mawili ya juu kati ya madaraja manne ya WHO). Mtoto wa chini ya miaka 5 ambaye hajaanza dawa huhesabiwa humo moja kwa moja. Usikisie kwa macho. Wapo wanaoingia wakitembea na kucheka, kumbe CD4 haifiki 50.

Hatua ya 2: Je, ni mahututi? Kwa mtu mzima: anapumua mara 30 au zaidi kwa dakika, moyo unapiga 120 au zaidi, joto ni 39 au zaidi, au hawezi kutembea bila kushikwa. Dalili moja tu yatosha kumlaza au kumpa rufaa. Mengine yatafuata akiwa kitandani.

Hatua ya 3: Tafuta kifua kikuu (TB). Ndicho kinachoongoza kwa kuua watu wenye VVU. Uliza kikohozi, homa, jasho la usiku na kupungua uzito. Makohozi yaende GeneXpert (mashine inayotambua vinasaba vya vijidudu vya TB), na mkojo upimwe LAM (kipande cha ukuta wa kijidudu cha TB). Kipimo hiki cha mkojo hufanya kazi vizuri zaidi kadiri kinga ilivyo chini, na kinamfaa asiyeweza kutoa makohozi. Ila LAM hasi haimaanishi hana TB.

Hatua ya 4: Kichwa. Hapa ndipo ninapowaomba mtulie. Kila mwenye CD4 chini ya 200 apimwe antijeni ya kriptokoka (CrAg) kwenye damu, yaani alama ya fangasi anayeshambulia ubongo na utando wake. Aliye chini ya 100 asikosekane kabisa. Ikiwa chanya, toa maji ya uti wa mgongo hata kama hana maumivu ya kichwa. Maji yakiwa safi, mpe flukonazoli, dawa ya fangasi, ya kuzuia ugonjwa usifike kwenye ubongo.

Yakionyesha homa ya uti wa mgongo ya kriptokoka, WHO tangu 2022 inapendelea dozi moja ya amfoterisini B ya liposomu (dawa ya fangasi iliyofungwa kwenye matone madogo ya mafuta), mg 10 kwa kilo, pamoja na flusitosini na flukonazoli kwa siku 14. Punguza shinikizo la ubongo kwa kutoa maji tena na tena inapobidi. Ukiliacha, dawa nzuri haitamwokoa.

Na kwa mgonjwa huyu ARV zisubiri wiki 4 hadi 6 tangu aanze dawa za fangasi. Utafiti uliofanyika Uganda na Afrika Kusini, ukachapishwa 2014, ulionyesha kwamba walioanza ARV ndani ya wiki 2 walikufa 45 kwa kila 100 katika miezi 6, dhidi ya 30 kwa waliosubiri takriban wiki 5. Ndiyo maana nasema: kabla hujakabidhi kopo la ARV, uliza kuhusu kichwa.

Hatua ya 5: Dawa za kuzuia magonjwa. Kotrimoksazoli (antibiotiki) mg 960 kila siku, ianze leo. Aliyethibitika hana TB apewe dawa za kuzuia TB.

Hatua ya 6: ARV. Asiye na dalili za TB wala za homa ya uti wa mgongo aanze ndani ya siku 7, hata siku hiyohiyo akiwa tayari. Wengi huanza tenofoviri, lamivudini na dolutegraviri katika kidonge kimoja. Angalia figo kwa sababu ya tenofoviri. Mwenye TB aanze ndani ya wiki 2 za dawa za TB, isipokuwa TB ya utando wa ubongo, ambayo husubiri wiki 4 hadi 8. Akitumia rifampisini (dawa ya TB), dolutegraviri mg 50 iwe mara mbili kwa siku.

MASWALI YA WANACHAMA

*Shikamoo daktari. Mgonjwa wangu wa TB ameanza ARV, wiki ya tatu homa imerudi na tezi za shingo zimevimba. Nisimamishe?*

Marahaba. Usisimamishe. Huenda kinga imeamka na kuanza kupambana na vijidudu vya TB. Lakini hakikisha kwanza kwamba anameza dawa zake, kwamba TB yake si sugu, na kwamba hakuna ugonjwa mwingine mpya. Ikiwa kali, prednisoloni (dawa ya kutuliza uvimbe) husaidia, ila si kwa mwenye saratani ya Kaposi.

*CrAg ni chanya, lakini anakataa kuchomwa mgongoni. Kasikia watu hupooza.*

Hofu hiyo tunakutana nayo sana. Mweleze kwamba sindano huingia chini ya pale uti wa mgongo wenyewe unapoishia. Akikataa bado, na hana dalili yoyote, mwanzishie flukonazoli, usiharakishe ARV, na umwone kila mara. Akiwa na maumivu ya kichwa, shingo ngumu au kuchanganyikiwa, mtibu kama mwenye homa ya uti wa mgongo na umpeleke hospitali.

*Mashine ya CD4 imeharibika. Tungoje?*

Hapana. Tumia daraja la ugonjwa, anza kotrimoksazoli, na utume sampuli kwenye kituo kingine. Asiyejulikana CD4 yake mhesabu yuko chini hadi matokeo yaseme vingine.