Kutengeneza Chembe Nano za Fedha Zinazolindwa na Polima

Chembe za fedha zenye kipenyo cha nanomita 10 hivi huua bakteria, na kuzitengeneza huchukua dakika chache tu. Kazi yenyewe ni kuzizuia zisishikamane, na hapo ndipo polima, yaani molekuli ndefu kama mnyororo, inapohitajika.

Kwanza, suuza vyombo vya kioo kwa asidi ya nitriki iliyozimuliwa, kisha kwa maji yaliyokenekwa mara kadhaa. Usitumie maji ya bomba, kwa kuwa kloridi iliyomo huungana na fedha na kuacha ukungu mweupe. Vaa glovu na miwani ya kinga, maana nitrati ya fedha huacha ngozini madoa meusi yasiyotoka kwa kunawa.

Pili, andaa miyeyusho mitatu, kila mmoja katika mililita 100 za maji: miligramu 17 za nitrati ya fedha, miligramu 7.6 za borohaidraidi ya sodiamu, inayogeuza nitrati hiyo kuwa chembe za fedha, na gramu 0.3 za polivinilipirolidoni, ambayo ndiyo polima yetu. Borohaidraidi huharibika ikikaa majini, kwa hiyo iyeyushe mwisho, ukiwa tayari kuitumia.

Tatu, weka mililita 30 za borohaidraidi katika bika iliyozungukwa na barafu, washa kikorogeo cha sumaku, na ikishapoa kabisa dondoshea mililita 10 za nitrati ya fedha, tone moja kila sekunde. Usiondoe macho hapa: myeyusho huanza kuwa manjano hafifu, kisha manjano ya kung'aa. Tone la mwisho likiingia, zima kikorogeo mara moja, kwani kuendelea kukoroga huzigonganisha chembe hadi rangi igeuke kijivu.

Nne, tia kiasi kidogo cha myeyusho katika mirija miwili, mmoja utie matone ya polima na kuutikisa taratibu, kisha yote miwili itie maji ya chumvi. Usio na polima hufifia na kuwa kijivu. Wenye polima hubaki manjano. Mimi silipuuzi jaribio hili kamwe, kwa sababu dawa hii inakusudiwa vidonda, na majimaji ya kidonda yana chumvi pia. Sehemu iliyobaki itie polima. Spektrofotomita, kifaa cha kupima mwanga unaofyonzwa, ionyeshe kilele karibu na nanomita 400.

Mwisho, dondoshea myeyusho huo kwenye vipande vya karatasi ya kuchujia, viweke juu ya agari (jeli ya kuoteshea vijidudu) iliyopandwa bakteria, na uache usiku kucha katika nyuzi 37 za Selsiasi. Weka pia kipande chenye polima peke yake, na kingine chenye maji yaliyobaki baada ya chembe kutenganishwa kwa sentrifuji (mashine ya kuzungusha kwa kasi), kwani ioni za fedha zilizosalia nazo huua bakteria. Dawa hii isiguse kidonda cha mtu kabla sumu yake haijapimwa kwenye seli za binadamu.