Namna ya kufuatilia uchaguzi wa jirani

Nauza mchele Kasumulu, Tanzania, mpakani na Malawi. Wateja wangu wengi huvuka daraja la Songwe, kwa hiyo uchaguzi wao kwangu si habari ya mbali.

Kabla ya kusikiliza matokeo, jua sheria ya ushindi. Mei 2019 Peter Mutharika alitangazwa mshindi wa urais wa Malawi kwa asilimia 38 na ushee. Tarehe 3 Februari 2020 Mahakama ikafuta matokeo, ikasema mshindi lazima avuke nusu ya kura. Uchaguzi ukarudiwa Juni 23, akashinda Lazarus Chakwera.

Kisha ulizia fomu za matokeo, maana kura huibiwa au kulindwa hapo. Za 2019 nyingi zilipakwa wino mweupe wa kusahihishia. Mteja mmoja alinionyesha picha kwenye simu: tarakimu mpya imekaa juu ya utando mweupe. Niliacha kupima mchele. Jiulize: nani alisahihisha, na mawakala walisaini upya?

Redio moja haitoshi. Sikiliza ya kwetu na ya kwao, halafu muulize aliyepiga kura. Mimi humuuliza mama anayetoka Karonga, upande wa Malawi: "Dada, kituoni kwenu matokeo yalibandikwa ukutani?"