Kipa, macho nayo yanahitaji mazoezi
Makipa wa Malindi mnaojifua ufuoni maji yakitoka, jaribuni hili. Chukua mpira wa tenisi, uandike namba kubwa kila upande kwa kalamu ya wino mzito. Mwenzako aurushe taratibu, mpira usizunguke sana. Wewe utaje namba kabla haujakufika mkononi. Ukitaja baada ya kudaka, haihesabiki! Hapo jicho linalazimika kuufuata mpira mpaka kiganjani, maana wengi wetu tunauachia njiani tukiwaza kurusha mbele. Ukizoea, aongeze kasi, kisha udake kwa mkono mmoja. Dakika chache zatosha, kabla miguu haijachoka. Asubuhi ipeni bahari mgongo, jua linachomoza huko.