Mjusi Mkia-Miiba na Unyevu wa Dar

Wageni wakimwona Jiwe, mjusi wangu wa mkia-miiba, husema, "Huyu kwa joto la Dar yuko nyumbani." Sivyo. Kwao ni Sahara, kwenye miamba ya Algeria, Mali na Niger, ambako jua linachoma na hewa ni kavu. Hapa Upanga joto tunalo, ila linakuja na unyevu wa bahari, na huo ndio unaomdhoofisha: kifua kinaugua, pumzi zinakuwa nzito, na akijichuna, ngozi kuukuu inabaki imembana vidole na ncha ya mkia.

Kwa hiyo anza na hewa. Tangi la samaki halifai. Agiza kabati la mbao, mafundi wa Keko wanaliweza: urefu sentimita 120, upana na kimo 60, kioo mbele, wavu juu na ubavuni. Liweke kwenye chumba chenye kiyoyozi, na masika, Machi hadi Mei, kiyoyozi kikae kwenye hali ya kukausha hewa. Mimi nataka kipimo cha unyevu kisome chini ya asilimia 35.

Upande mmoja ning'iniza taa ya joto juu ya jiwe bapa mpaka uso wa jiwe ufike nyuzi 50 za Selsiasi. Ndiyo, hamsini. Pima kwa kipimajoto, usikadirie kwa kiganja. Upande wa pili uwe 28 hadi 30, na pango la kujificha, maana hatoki jasho. Akizidiwa na joto anahama tu. Usiku zima taa zote.

Chakula chake ni majani. Sukuma wiki, majani ya kunde na mlonge, nabadilisha badilisha, na juu yake maua ya haibiskasi yasiyopigwa dawa. Mchicha mpe mara chache, kwani una oksalati, kemikali inayozuia mwili kupokea kalsiamu. Adesi kavu na uwele anavitafuna kwa furaha. Wadudu asipewe, parachichi kamwe. Bakuli la maji silo lazima: maji anayapata kwenye majani mabichi, na bakuli linaongeza unyevu ule ule tunaoukimbia. Ukiona unga mweupe puani usishtuke, ni chumvi anayoitoa mwilini kwa njia hiyo.

Umeme ukikatika asubuhi, subiri urudi ndipo umlishe. Bila joto tumbo lake halisagi.

Jua la asubuhi ni zuri mno kwake, ila dirisha la kioo linazuia UVB, miale ya jua isiyoonekana kwa macho, anayoihitaji ili atumie kalsiamu. Mtoe nje ndani ya kizimba cha wavu chenye kivuli nusu, ukae naye. Kunguru wa mji huu hawana huruma, nawaona wanavyovizia hata vifaranga.

Kabla ya kulipia mjusi, dai karatasi. Mijusi hawa wamo kwenye Kiambatisho cha Pili cha CITES, mkataba wa kimataifa unaosimamia biashara ya wanyama na mimea ya porini, hivyo lazima wawe na kibali cha nchi walikotoka. Na kwa hapa nyumbani waulize TAWA, mamlaka ya wanyamapori Tanzania, mapema. Wengi wanaouzwa duniani walikamatwa porini, na hilo linaniuma. Mtafute aliyezaliwa kwenye ufugaji, tena ujipime: anaweza kuishi miaka 15 na zaidi.

Na kama kabatini unatumia taa ya UVB, ibadilishe kila mwaka hata kama bado inawaka, kwa sababu miale huisha kabla ya mwanga.