Mambo ya Kuzingatia Kabla ya Kwenda Kuvua kwa Nzi Bandia Visiwa vya Nje vya Shelisheli

Anayekwenda kuvua kwa nzi bandia, yaani ndoana zilizofungwa manyoya na nyuzi, katika visiwa vya nje vya Shelisheli hana budi kujua mapema kwamba anakwenda mahali pasipo na duka la zana. Kisiwa cha Alphonse kiko takriban kilomita 400 kusini-magharibi mwa Mahé, kisiwa kikuu cha nchi hiyo, na hufikiwa kwa ndege ndogo kwa muda wa saa moja hivi. Kutoka hapo wavuvi huvushwa kwa boti kila asubuhi hadi St. François, penye mafungu ya mchanga na matumbawe yanayofunikwa na maji ya magotini. Cosmoledo iko mbali zaidi, kiasi cha kilomita 1,000 kutoka Mahé. Kilichosahauliwa nyumbani hakipatikani tena mpaka safari iishe, na ilhali ndege ndogo hizo huruhusu kilo chache, huwezi kubeba kila kitu kwa kujihami. Mimi hufunga mzigo kwa kufuata kanuni moja: vinavyogusa mwili hutangulia. Fimbo naweza kuazimwa na mwenzangu, lakini viatu na miwani yake havitanifaa.

Viatu ndivyo vya kwanza. Mvuvi wa aina hii hatulii chomboni; hutembea saa sita au saba kwa siku, mara juu ya mchanga mgumu, mara juu ya matumbawe makali kama vigae vya chupa, na mahali pengine hukanyaga karibu na taa, samaki bapa mwenye mwiba wa sumu mkiani, aliyejifukia mchangani. Kiatu kifike juu ya kifundo cha mguu, kiwe na soli nene isiyopenyezwa kwa urahisi, na kiwe kikubwa kidogo ili kipokee soksi nene zinazozuia mchanga usikwangue ngozi. Nasisitiza jambo hili kwa sababu mwaka mmoja nilitoa viatu vilivyokaa darini muda mrefu, nikavitazama kwa macho tu, nikavifunga. Siku ya kwanza, kabla ya adhuhuri, soli ya kulia ilibanduka nzima, na siku zilizofuata nilitembea nikiwa nimeifunga kwa mshipi. Gundi ya viatu huzeeka kwa joto na unyevu hata kama viatu havijavaliwa. Viloweke kwenye ndoo usiku kucha wiki mbili kabla ya safari, kisha vivae, uzunguke uani na kupinda soli kwa mikono. Kama vina kasoro, itajitokeza hapo.

Miwani yenye vioo vya polaraizi hukata mng'aro wa juu ya maji na kukuwezesha kumwona samaki kabla hajakuona. Vioo vya rangi ya shaba au kahawia hufaa zaidi katika maji mafupi. Beba jozi mbili, ya pili iwe na vioo vya rangi hafifu kwa siku za mawingu, kwani msimu wa uvuvi huko, kuanzia Oktoba hivi hadi Aprili au Mei, unaangukia kaskazi na mvua zake. Katikati ya mwaka kusi huvuma kwa nguvu na wavuvi hupungua. Shati la mikono mirefu, kofia yenye ukingo, kitambaa cha shingo na glavu nyepesi vinatosha kwa jua. Kuhusu dawa ya mbu, angalia kama ina kemikali ya DEET, kwa sababu huyeyusha plastiki na hivyo huharibu mshipi. Nawa mikono kabla ya kushika zana.

Sasa fimbo. Karibu kila mtu huko hubeba mbili; namba ya fimbo ikiwa kubwa, fimbo huwa nzito na yenye nguvu zaidi. Ya namba 9 ni kwa bonefishi, samaki mwembamba wa rangi ya fedha anayechimba kaa na kamba wadogo mchangani huku ncha ya mkia ikichomoza juu ya maji. Namba 8 ingetosha siku tulivu, lakini upepo ukikaza utaitamani ya 9. Fimbo ya namba 12 ni kwa kolekole mkubwa, anayeweza kupita urefu wa mita moja na ambaye akishanasa hukimbilia ukingo wa mwamba ili akate mshipi. Rili ya fimbo hiyo iwe na breki iliyozibwa isiingie maji ya chumvi, na nyuma ya mshipi mkuu kuwe na mshipi wa akiba usiopungua mita 200. Mshipi mkuu uwe wa maji ya joto. Ule uliotengenezwa kwa mito ya baridi hulegea juani, hunata kwenye pete za fimbo na kukataa kuruka. Kwa mshipi wa mbele usioonekana majini, kilo 7 hadi 9 humfaa bonefishi, lakini kolekole hudai unaostahimili kilo 45 hadi 60.

Kagua fimbo ukiwa bado nyumbani. Chukua kipande cha pamba, ukipitishe polepole ndani ya kila pete kwa kukizungusha. Penye ufa, hata usioonekana kwa macho, nyuzi za pamba zitanasa, na ufa huohuo ndio utakaokata mshipi siku samaki mkubwa atakapokimbia. Fungua mshipi wote kutoka kwenye rili, uunyooshe kati ya miti miwili, uufute, kisha ujaribu fundo la mshipi wa akiba kwa kulivuta kwa nguvu ukiwa umevaa glavu. Fundo lililofungwa mwaka jana lifunguliwe na kufungwa upya. Hapa sioni nafasi ya huruma.

Nzi bandia zisiwe nyingi bali ziwe imara. Za mfano wa kamba zilizotiwa uzito tofauti hutosha kwa bonefishi. Kolekole huhitaji nzi ndefu kwenye ndoana za namba 6/0. Mwatiko, ambaye hula mwani, huwekewa nzi za kijani. Samaki aitwaye kikande ana meno yanayoponda ndoana dhaifu, hivyo mfano wa kaa unaomkusudia ufungwe kwenye chuma kigumu. Bana vijino vya ndoana zote kwa koleo mapema, maana samaki huko hurudishwa majini, na ndoana isiyo na kijino hutoka haraka, iwe mdomoni mwa samaki au kwenye sikio lako.

Dawa ziwe chache: iodini na bandeji kwa mikwaruzo ya matumbawe, ambayo huoza upesi; utepe wa kufunga vidole vinavyokatwa na mshipi; na dawa ya maumivu. Mwiba wa taa hutulizwa kwa kutumbukiza mguu katika maji ya moto kadiri unavyovumilika bila kuunguza, kwa sababu joto huivunja sumu yake. Muulize kiongozi wako siku ya kwanza maji hayo yatapatikana wapi.

Shelisheli haina malaria, ila huwadai wanaotoka nchi zenye homa ya manjano, Kenya ikiwamo, cheti cha chanjo, na chanjo hiyo hutakiwa kuchomwa angalau siku 10 kabla ya kuwasili. Omba pia kibali cha kuingia mtandaoni kabla ya kupanda ndege. Ndoana na koleo zikae kwenye mzigo wa chini ya ndege, betri za akiba za kuchajia simu zikae mkononi. Viatu vya kuvulia vivae safarini ikiwezekana. Miwani na nguo za siku moja ya uvuvi ziwe kwenye begi la mkononi, ili begi kubwa likichelewa Mahé usikose siku ya kwanza.

Kisha pima begi kwenye mizani ya nyumbani. Likizidi, toa nguo za jioni kwanza, halafu rili ya tatu, halafu kisanduku cha pili cha nzi.