Mtwara hadi Mumbai: namna ya kujipigia hesabu ya safari ya ndege

Ninakatisha tiketi za ndege hapa Mtwara mjini. Wateja wangu wengi wa safari ndefu ni ndugu wanaosindikiza wagonjwa India, na swali lao la kwanza huwa moja: tutakaa angani muda gani? Hesabu yenyewe unaweza kuipiga mwenyewe kabla hujatoa hela yako.

Hatua ya 1: Pima umbali. Fungua Google Maps kwenye simu, kandamiza kidole juu ya uwanja wa ndege wa Mtwara mpaka alama itokee, chagua kupima umbali, kisha sogeza ramani hadi Mumbai. Utaona kama kilomita 4,850. Usiiandike hiyo, kwa sababu utapitia Dar es Salaam. Pima vipande viwili: Mtwara hadi Dar kama 400, Dar hadi Mumbai kama 4,680. (Kwa basi, Dar ni zaidi ya kilomita 550, barabara inazungukia Lindi, Nangurukuru na Kibiti.)

Hatua ya 2: Gawa kwa mwendo. Ndege ya pangaboi ikatie kilomita 600 kwa saa: kilomita 400 ni dakika 40, ongeza 20 za kupaa na kutua. Ndege kubwa ya jeti ikatie 830: kilomita 4,680 ni masaa 5 na dakika 38, ongeza nusu saa. Jumla angani ni kama masaa 7 na dakika 10.

Hatua ya 3: Ongeza kusubiri Dar. Ndege za ndani hutumia jengo la pili, za nje jengo la tatu. Kama tiketi zako mbili zimenunuliwa mbalimbali, utachukua mizigo na kuanza upya, na ndege ya pili haina wajibu wa kukungoja. Mwenye mgonjwa namwachia masaa 6, sipunguzi.

Hatua ya 4: Soma saa na tarehe. Hapa nakuomba utulie, maana hapa ndipo watu wanapoumia. Tiketi ikisema 01:30 Jumanne, ni saa saba na nusu usiku, na siku ya tiketi imeanza saa sita usiku. Wazee wetu wa pwani wakisema "usiku wa Jumanne" wana maana ya usiku unaoitangulia Jumanne. Vijana wengi wana maana ya ule unaoifuata. Mama mmoja kutoka Newala alifika uwanjani Jumanne jioni, na ndege ilishaondoka alfajiri. Nilimsomea tarehe tu, sikumfafanulia usiku. Tangu siku ile sitoi tiketi bila kufafanua.

Saa za kufikia huandikwa kwa saa za huko. India iko mbele yetu kwa masaa 2 na nusu. Ukiruka Dar 01:30, ongeza masaa 6 na dakika 10 ya kipande cha Dar hadi Mumbai, kwetu ni 07:40. Mumbai ni 10:10, yaani saa nne na dakika kumi asubuhi. Wakati wa kurudi, punguza hayo masaa 2 na nusu.

Hatua ya 5: Andika kwa Kiswahili. Juu ya bahasha ya tiketi naandika hivi, kwa herufi kubwa: "Jumatatu usiku kuamkia Jumanne, saa saba na nusu. Uwe uwanjani Dar Jumatatu, saa nne na nusu usiku."